Damu nzima

Mkunga wa leba hagongi dirisha la maabara kama watu wengine. Anapiga kwa kiganja, mara mbili, na kabla sijafungua ameshauliza: "Dada, O ipo?" Nikisikia hivyo siombi fomu kwanza. Nakwenda kwenye friji, nafungua, nahesabu kwa macho. Kabla mlango haujajifunga nimeshajua usiku wangu utakuwaje.

Nina miaka 16 maabara, mingi nimeitumikia kitengo cha damu, katika hospitali mbili za mkoa huu wa Dodoma. Sitazitaja, kwa kuwa wagonjwa nitakaowasimulia wana majirani. Siku nyingi nimetaka kuandika kuhusu damu nzima, yaani damu kama ilivyotoka kwenye mkono wa mtu, kabla haijagawanywa kuwa chembe nyekundu huku na plazma, yale maji ya damu, kule. Vijana wanaokuja kwetu wametoka kusoma kwenye hospitali kubwa huitaja kwa sauti ya kuomba radhi, kama mwenyeji anayemwandalia mgeni ugali wa uwele na mlenda kwa sababu mchele umeisha. Mimi nimekulia Mpwapwa, na kwetu mlenda hauombewi radhi. Damu nzima nayo naona inaonewa.

Jina lenyewe lina mambo. Mtu akikuuliza u mzima, haulizi kama umekatwa vipande, anauliza kama huumwi. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa akiambiwa "tunahitaji damu nzima", wengine huniuliza kwa wasiwasi: "Kwani nyingine mlizonazo ni mbovu?" Nilikuwa nawajibu haraka haraka kwamba hapana, maana yake haijatenganishwa. Siku hizi nakaa nao kidogo, kwa sababu nimeona swali lao lina uzito kuliko nilivyodhani. Damu inaweza kuwa haijatenganishwa na bado isiwe nzima.

Nisimulie usiku mmoja wa Desemba. Desemba ni mwezi mgumu kwa friji letu. Damu nyingi tunayoipata hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na Desemba shule zimefungwa. Tena ndipo mvua za kwetu zinapoanza, na mtu mwenye jembe mkononi humwambii habari ya kuja mjini kutoa damu. Usiku ule nilikuwa na chupa tano: A tatu, B moja, O moja. Mkunga akapiga dirisha.

Mama alikuwa ametoka kijiji kimoja cha Chamwino, uzazi wa nne. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likatoka, lakini mji wa mimba haukukaza, na damu ikawa inakwenda. Walishampa sindano ya kukaza, mkunga alikuwa anamkanda tumbo, daktari ameitwa. Nilipopima wingi wa damu, yake ilikuwa tano, chini sana. Kundi O.

Chupa yangu moja ya O ilikuwa na siku 31. Kisheria ilikuwa bado halali, kwani dawa iliyomo kwenye mifuko yetu huifanya damu ikae siku 35 ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6. Niliitoa, nikafanya krosimachi, yaani kupima kama inalingana na damu ya mgonjwa, ikaenda. Ila nilijua ninachompelekea. Chembe nyekundu za siku 31 zinabeba hewa, si haba, na mtu mwenye damu tano anahitaji hewa hiyo. Lakini zile chembe ndogo kabisa, chembe sahani, ambazo kazi yake ni kukimbilia palipochanika na kujipanga kama watu wanaoziba ukingo wa majaruba, hizo katika baridi ya friji hazidumu. Baada ya siku 31 hakuna cha kutegemea hapo. Baadhi ya protini za kugandisha nazo zinakuwa zimepungua sana. Mfuko umeandikwa damu nzima, na mtu anayeusoma haoni kilichokwisha ndani yake.

Nikatoka nje kwa ndugu.

Walikuwa wanaume watatu na shangazi mmoja, wamekaa kwenye benchi la nje na kanga imewekwa juu ya beseni. Mume alisimama kabla sijamaliza sentensi, akakunja mkono wa shati. Nikampima, kundi A. Nilipomwambia haitafaa, alibaki amenyoosha mkono ule ule, ananiangalia. "Dada, ni mke wangu," akasema, kana kwamba nilikuwa sijaelewa. Nimewaambia wanaume wengi jambo hilo na bado sijapata namna nzuri ya kulisema.

Mdogo wake alikuwa O. Kijana wa miaka kama 24, mkulima, uzito kilo 61, damu yake 14. Alikuwa anaogopa sindano hadharani, hakujificha. Akaniuliza kitu ambacho sijakisahau: "Dada, nikitoa, kesho nitaweza kulima? Tumeshapanda nusu tu." Nikamwambia kesho apumzike, anywe maji mengi, kesho kutwa ashike jembe taratibu. Akafikiri. Shangazi akamwambia kwa Kigogo maneno mafupi ambayo sitayaandika, na kijana akalala kwenye kochi.

Mililita 450. Mfuko ukajaa kwa dakika kama nane. Nilipima virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa vipimo vya haraka, nikapima ulinganifu na damu ya shemeji yake, nikauchukua mfuko kwa mikono yangu mwenyewe hadi leba. Ulikuwa bado na joto la mwili. Hakuna kilichokuwa kimekufa ndani yake: chembe nyekundu, chembe sahani, plazma na protini zake zote. Niliushika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai. Mama yule alipona. Alipona kwa sindano, kwa mikono ya yule mkunga ambayo haikuacha kukanda, kwa daktari, na kwa mfuko ule. Sijui kuzigawa sifa hizo kwa mizani, na sitaki.

Sasa nieleze namna jambo hili linavyowezekana, kwa sababu hapo ndipo penye uzuri ninaoupenda katika kazi yangu.

Damu ikitoka mwilini huganda, kila mtoto aliyewahi kujikata anajua. Tatizo hilo liliwazuia madaktari kwa karibu miaka mia moja. James Blundell, daktari wa wazazi wa London, alianza kuhamisha damu ya mtu kwenda kwa mtu mwaka 1818, akiwafikiria wanawake walewale ninaowapata mimi, wanaotoka damu baada ya kujifungua. Wagonjwa wake wengine walipona, wengine walikufa na yeye asijue kwa nini. Sababu moja ilifahamika mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alipoonyesha kuwa damu za watu zina makundi. Sababu ya pili, ile ya kuganda, ilifunguliwa na chumvi.

Kuganda kwa damu kunahitaji kalsiamu. Ukiifunga kalsiamu isipatikane, damu inabaki maji. Chumvi inayoifunga inaitwa sitrati, na inatokana na asidi ileile inayofanya ndimu iwe chachu. Mwaka 1914 Albert Hustin huko Brussels, na baadaye mwaka huohuo Luis Agote huko Buenos Aires, walimpa mgonjwa damu iliyochanganywa na sitrati. Mwaka uliofuata Richard Lewisohn wa New York akatafuta kipimo sahihi: nyingi kiasi cha kuzuia damu isigande chupani, kidogo kiasi cha kutomdhuru anayepewa. Kuanzia hapo aliyetoa na aliyepokea hawakulazimika tena kulala kitanda sambamba. Mwaka 1917, vitani Ufaransa, daktari wa jeshi Oswald Robertson alikusanya damu ya kundi O, akaitia kwenye chupa za kioo zenye sitrati na sukari, akaziweka kwenye masanduku ya risasi yaliyojazwa barafu na vumbi la mbao. Nikiliona boksi letu la baridi limefungwa nyuma ya gari la wagonjwa linaelekea Kongwa au Kondoa, huwa namkumbuka.

Chupa za kioo zilianza kutoa nafasi kwa mifuko ya plastiki miaka ya 1950. Ila Kiswahili chetu hakikuhama. Mpaka leo daktari anaandika "chupa mbili", ndugu wanaambiwa "leteni watu wa chupa tatu", na tunachokishika ni mfuko. Mimi naona vizuri neno libaki.

Ndani ya mfuko kabla ya damu kuingia kuna mililita 63 za maji yenye sitrati, sukari ya kulisha chembe, fosfeti na adenini. Kidogo sana ukitazama. Ila mgonjwa akipewa mifuko mingi kwa haraka, ile sitrati inaanza kuifunga na kalsiamu ya mwili wake mwenyewe, kwa hiyo daktari mzuri hukumbuka kumrudishia.

Ukiuweka mfuko wa damu nzima kwenye friji ukauacha, kesho yake utaukuta umejipanga wenyewe. Chini wekundu mzito, juu maji ya rangi ya majani makavu, na katikati mstari mwembamba mweupe kama ukingo wa kucha. Wekundu ni chembe nyekundu. Maji ya juu ni plazma. Ule mstari mweupe ni chembe za kinga pamoja na chembe sahani. Dunia ilipouona mpangilio huo ikajiuliza kwa nini kila mgonjwa apewe vyote. Mashine ya kuzungusha mifuko kwa kasi hufanya kwa dakika chache kile ambacho friji hufanya kwa usiku kucha, halafu kila tabaka linakwenda mfuko wake. Chembe nyekundu zinarudi kwenye baridi. Plazma inagandishwa, inakaa hata mwaka. Chembe sahani haziwekwi kwenye friji: zinakaa kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa mfululizo, na siku tano zikipita kwa kawaida ndiyo mwisho wake. Hayo ndiyo yanaitwa mazao ya damu, na mtu mmoja aliyetoa mililita 450 anaweza kuwasaidia wagonjwa watatu.

Sina ugomvi na hilo, nalitaka. Nimeshuhudia mtoto wa selimundu, damu yake imeshuka hadi tatu, moyo unapiga hadi unauona kifuani. Mtoto huyo hajapungukiwa maji mwilini, amepungukiwa chembe nyekundu tu. Ukimpa damu nzima unamwongezea na plazma asiyoihitaji, na moyo uliochoka unaweza kuzidiwa, mapafu yakajaa. Huyu anahitaji chembe nyekundu peke yake, polepole, huku muuguzi akihesabu pumzi zake. Mtoto mwenye saratani anahitaji chembe sahani, na ukitaka kumtosheleza kwa damu nzima utamzamisha kabla hujafika. Kwa wagonjwa hawa, mashine ile ndiyo haki yao, na kuwa nayo mjini tu wakati wao wako Chemba au Bahi ni jambo linaloniuma.

Hata hivyo, pale penye damu nzima peke yake, bado kuna elimu ya namna ya kuitoa, na elimu hiyo imetafutwa hapahapa Afrika. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto 3,196 waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Kundi moja lilipewa mililita 20 za damu nzima, au chembe nyekundu za kiasi kinacholingana nazo, kwa kila kilo ya uzito, jingine 30. Ukiwachanganya watoto wote, vifo havikutofautiana. Lakini walipowatenga wenye homa na wasio na homa, picha ikageuka: mtoto asiye na homa alinufaika na ile 30, na mwenye homa ilikuwa salama zaidi kumpa 20. Kipimajoto cha kwapani kikawa kimeingia kwenye hesabu ya damu. Nilisoma matokeo hayo usiku, kwenye simu, nikainuka kumwonyesha muuguzi wa wodi ya watoto. Aliandika 20 na 30 kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, akaibandika juu ya meza ya dawa.

Kuna jambo moja ambalo nawasihi watu walielewe, hata wahudumu wenzangu. Tumefundishwa shuleni kuwa mwenye kundi O anampa kila mtu. Kwa upande wa makundi ya A na B, hiyo ni kweli kwa chembe nyekundu. Plazma ya mtu wa O ina askari dhidi ya A na dhidi ya B, na damu nzima inakwenda na plazma yake. Ukimpa mtu wa A chupa nzima ya O, askari wale wanaweza kuanza kuvunja chembe za mwenyeji. Kwa hiyo damu nzima hutolewa kundi kwa kundi, A kwa A, O kwa O. Ndiyo maana friji lenye chupa tatu za O halitoshi kumtuliza mtu wa zamu kama mgonjwa aliyeko mezani ni B.

Wenzetu wa nchi tajiri walikaa miaka mingi wameiacha damu nzima kabisa. Aliyeumia vibaya alipewa chembe nyekundu, na maji ya dripu, na chembe nyekundu tena. Ilichukua vita kuwarudisha. Huko Iraki na Afghanistani madaktari wa jeshi la Marekani waliishiwa chembe sahani mbali na hospitali kubwa, wakawa wanaita askari wenzake na majeruhi, wanapanga mstari, wanatoa damu, inakwenda ikiwa bado na joto. Waliona majeruhi wanapona. Baadaye, hata hospitalini, wakaanza kumpa anayevuja damu chembe nyekundu, plazma na chembe sahani kwa uwiano wa moja kwa moja kwa moja, yaani wakawa wanaunganisha upya kile walichokitenganisha. Sasa baadhi ya hospitali za majeruhi huko zimerudisha friji la damu nzima, ya kundi O ambayo imepimwa kuhakikisha wale askari wa kwenye plazma ni wachache. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule kijana aliyekuwa na hofu ya jembe lake. Hakuna kilichotutofautisha na wale isipokuwa wao waliandika.

Nisije nikaeleweka kwamba nasifia kuita ndugu usiku. Siipendi. Kila kirusi kina kipindi ambacho kipo kwenye damu na kipimo hakikioni, na kinga pekee ya kipindi hicho ni majibu ya kweli ya mtoaji ninapomhoji. Mtu anayetazamwa na shangazi yake saa nane za usiku, mke wa kaka yake yuko leba, hawezi kunijibu kweli kuhusu mwezi wake uliopita. Mwanafunzi aliyekuja mwenyewe, mchana, akanywa soda yake na biskuti akarudi darasani, huyo ananiambia. Ndiyo sababu tulihangaika miaka yote hii kujenga utaratibu wa damu salama ya watu wanaojitolea. Shirika la Afya Duniani linataka angalau chupa 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wetu zaidi ya watu milioni 3. Hiyo ni zaidi ya chupa 30,000, zaidi ya 80 kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Na ikishapatikana, itunzwe. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, umeme ulikatika Ijumaa usiku, jenereta likagoma, na mtu wa zamu hakuwa na namba ya fundi. Jumamosi mchana nilipoingia, kipimajoto cha friji kilikuwa kinasoma 17. Chupa 22. Nilizitoa moja moja, nikaandika kila namba kwenye daftari la kuteketeza. Nyingi zilikuwa za shule moja ya wasichana. Wasichana wale walikuja kutupigia makofi tulipomaliza kuwatoa damu, nakumbuka.

Nimesema habari ya mgonjwa, lakini mimi ni mtu wa maabara, na damu nzima ina kazi nyingine huku ndani ambayo watu hawaioni. Ile kidogo tunayoichukua kwenye kichupa chenye kofia ya zambarau imezuiwa kuganda kwa ujanja uleule wa kuifunga kalsiamu, ila kwa dawa nyingine. Tone lake ndilo tunalolitandaza kwenye kioo kutafuta malaria. Na vimelea wenyewe wa malaria, watafiti wanapotaka kuwafuga ili wajaribu dawa, huwalisha chembe nyekundu za binadamu. Namna ya kuwafuga hivyo mfululizo iligunduliwa mwaka 1976 na William Trager na James Jensen, New York, na tangu hapo nyuma ya dawa nyingi za malaria kuna mtu aliyetoa damu na asijue imekwenda wapi.

Lakini kipimo cha damu nzima ninachokiheshimu kuliko vyote hakina dawa wala mashine. Alasiri moja walimleta kijana mchunga ng'ombe, miaka kama 13, ameumwa na nyoka mguuni. Babu yake alisema ni kifutu, alimwona. Mguu umevimba hadi gotini, na fizi zinatoka damu kidogo. Daktari akaniuliza kama damu ya mtoto bado inaganda. Sina mashine ya kupima hilo. Nikatafuta kichupa cha kioo. Lazima kiwe kioo, plastiki haiiamshi damu kuganda inavyotakiwa, na lazima kiwe kipya na kikavu, kwa sababu hata mabaki ya sabuni yanadanganya. Nilipekua makabati matatu hadi nikapata.

Mililita mbili za damu yake, nikaisimamisha mezani, nikatazama saa. Dakika 20. Hairuhusiwi kuigusa wala kuitikisa kuangalia kama imefika. Babu alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi. "Mbukwa," alinisalimia mara ya pili, nadhani kwa kuwa kimya kilimlemea. Tukasubiri pamoja, hakuna kazi nyingine niliyoifanya katika dakika hizo. Ilipotimia nikakiinamisha kichupa mara moja. Damu ikatiririka yote kama chai.

Maana yake ni kwamba sumu imeshakula protini za kugandisha. Ndugu mmoja aliyekuja nao alishaanza kusema yuko tayari kutoa damu, amwokoe mtoto. Nikamweleza kuwa tukimpa damu kabla ya dawa ya kuipinga sumu, sumu itakula na hiyo. Kwanza dawa. Kwetu haikuwepo. Gari likaondoka kuelekea mjini jioni ile, na mimi nikaandika kwenye karatasi ya rufaa: haijaganda dakika 20. Alipewa dawa usiku huohuo. Wiki tano baadaye babu alikuja na lita moja ya asali kwenye chupa ya maji, akaisimamisha pale pale mezani nilipokuwa nimesimamisha kile kichupa.

Kuhusu yule kijana wa Desemba. Nilikuwa nimemwambia kwamba mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Nilisema kama ninavyowaambia wote, sikutegemea. Machi, siku ya mnada, alikuja dirishani kwa miguu yake, akanikumbusha jina lake, akasema mtoto amepewa jina la bibi yake na miezi mitatu imetimia. Nilifurahi mno. Nikamchoma kidole: 11.6.

Chupa moja huondoka na miligramu zaidi ya 200 za madini ya chuma, na shamba la Februari halimrudishii mtu haraka, hasa akiwa anakula mara moja kwa siku hadi mavuno. Hatumchukui mtu chini ya 12.5. Nilimwambia, naye uso ukamshuka kama siku ile uso wa kaka yake ulivyoshuka. Akauliza kama sindano ndiyo imekosea, nikampima tena mbele yake kwenye kidole kingine. 11.7.

Nikampa vidonge vya madini ya chuma, nikamweleza avimeze na ndimu na asivimeze na chai, ale maharage, mchicha, na nyama ikipatikana. Alisikiliza yote, halafu akauliza: "Kwa hiyo nirudi lini?" Nikamwandikia tarehe ya Juni nyuma ya kadi yake, tukakubaliana aje baada ya kuvuna.